Siku Mpinga Alipomwomba Mjomba Wake Sheria

Nimestaafu. Nina miaka kumi na sita na miezi kadhaa, niko darasa la nane, na mgongo bado haujaanza kuuma, lakini kustaafu nimestaafu, na mstaafu ana wajibu wa kuwachosha wanaomfuata kwa kumbukumbu zake. Kwa hiyo nakuandikia wewe karani mpya, yeyote utakayekuwa, pamoja na nyie wadogo wa darasa la tano mnaodhani kazi ya Baraza ni kukaa karibu na meza yenye kitambaa. Vyeo nilivyopanda sitavitaja, maana nilianza karani nikamaliza karani. Mshahara nao ulikuwa ule ule mihula yote mitatu: ruhusa ya kutokwenda shamba la shule Jumatano mchana. Wapo waliofanya kazi ngumu kuliko hiyo kwa malipo madogo kuliko hayo. Waulizeni baba zenu.

Baraza lilianzishwa na Bwana Mkuu wa shule aliporudi kutoka likizo kwao Uingereza. Wazungu wengine hurudi na soksi mpya. Huyu wetu alirudi na Baraza la Kutunga Sheria. Alitupanga mstari mbele ya bendera akatuambia kwamba nchi hii siku moja, siku ya mbali, mbali sana, itajitawala, kwa hiyo ni vizuri tuanze kujifunza mapema. Hiyo "mbali sana" aliirudia, nadhani ili tusije tukaenda kufunga mizigo.

Basi kila Jumatano darasa la saba lilihamishwa, madawati yakageuzwa yatazamane. Kulia wakakaa Upande wa Serikali, kushoto Upinzani. Alitueleza kwamba huko kwao pande mbili hutenganishwa na nafasi ya urefu wa panga mbili, ili waheshimiwa wasifikiane. Sisi tulipima kwa majembe mawili, ndizo silaha za shule. Spika akawa Ramadhani, Mnyaturu kutoka Ikungi, kwa sababu ana sauti ya dume la ng'ombe na hacheki ovyo. Alivalishwa nywele za bandia za katani, kama maspika wa Uingereza, zikamwasha toka siku ya kwanza mpaka leo. Mkimwona anajikuna katikati ya hoja nzito, msidhani anafikiri.

Mwenyewe Bwana Mkuu akawa Gavana. Alikaa nyuma kabisa, kwenye kiti pekee chenye mikono. Sheria ikishapita kwa kura hupelekwa kwake. Akiipenda anasaini, asipoipenda hasaini. Siku hiyo ya kwanza niliuliza, "Bwana, na kama sisi tumeikataa, lakini wewe umeipenda?"

Akasema, "Hilo ni swali zuri."

Nimejifunza katika utumishi wangu kwamba swali likishasifiwa, usingoje jibu lake.

Mimi nilichaguliwa karani kwa sababu mbili. Mwandiko wangu ni mzuri, na karani haruhusiwi kusema chochote kikaoni. Walimu waliafiki jina langu kwa kauli moja, tena haraka, na mmoja alipiga makofi.

Vifaa nilivyokabidhiwa ni hivi: kalamu ya nibu yenye nibu mbili za akiba, moja yao imepinda, wino wa unga, ambao unaukoroga mwenyewe, kengele ya mkono, na kitabu kikubwa cha kumbukumbu chenye jalada jeusi. Kuhusu wino, sikiliza. Kiangazi maji ya shule yanapimwa kwa kopo, na mpishi haoni kwa nini kopo zima liende kwenye sheria wakati maharage hayajaiva. Mheshimu mpishi. Mimi nilimwamkia shikamoo hata mara nne kwa siku, na ndiyo maana kumbukumbu zangu za kiangazi zinasomeka.

Aliyenifundisha kazi ni Mwalimu Elia. Ninyi mnamjua kama mwalimu wa kilimo anayeshika sikio la mtu huku akieleza habari za mbolea. Lakini kabla ya ualimu alikuwa karani kwenye baraza la mtemi, miaka mingi, akiandika kesi za ng'ombe, mipaka na wake waliorudi kwao. Mtu aliyeandika kesi za wake waliorudi kwao hashangai tena.

Katika kumbukumbu zangu za kwanza niliandika: "Mheshimiwa alitoa hotuba ndefu isiyo na kichwa wala miguu." Mwalimu Elia aliisoma, akavua miwani.

"Nani kasema haina kichwa?"

"Mimi, Mwalimu. Kila mtu aliona."

"Wewe hukuwepo."

"Mwalimu, si nilikuwa mezani pale?"

"Mkono wako ulikuwepo. Wewe hukuwepo. Andika aliyosema mtu, mwanangu. Usiandike aliyotaka kusema, wala unayotaka wewe awe amesema. Wakigombana, andika polepole. Wakipatana, andika upesi, maana hawatakaa hivyo."

Niliona ni maneno ya mzee. Nikayafuata tu kwa sababu ya sikio langu.

Mihula miwili ya kwanza ilikuwa ya kujenga taifa. Tulipitisha Sheria ya Ukoko, kwamba ukoko wa ugali uliwe kwa zamu ya mabweni. Ilivunjwa jioni ile ile na aliyeileta. Tulipitisha Sheria ya Kunguni, kuwakataza kunguni wasikae bwenini, kura zote ndiyo, hakuna aliyepinga. Gavana alisaini kwa furaha. Kunguni hawakupelekewa nakala. Tulipitisha pia Sheria ya Nyama Mara Mbili kwa Wiki, na hapo ndipo tulipojua kalamu ya Gavana inaweza kukauka.

Sasa nije kwenye kesi ngumu, maana ndiyo iliyonistaafisha.

Muhula huu wa tatu Bwana Mkuu alisikia kuwa wanafunzi wanatoroka Jumamosi na kulala makwao. Badala ya kutuchapa kama mtu wa kawaida, akataka Baraza litunge sheria. Alimwita Kiongozi wa Upande wa Serikali, Yona, akampa muswada ulioandikwa tayari, na Yona akaupokea kama wazo lake mwenyewe, kama ilivyo desturi ya viongozi. Sheria yenyewe ilikuwa fupi: mwanafunzi atakayelala nje ya bweni mara tatu katika muhula mmoja, jina lake lifutwe shuleni, na hesabu ianzie siku shule ilipofunguliwa.

Hayo maneno ya mwisho ndiyo yaliyokuwa na meno. Kitundu wa darasa la saba, tunayelala naye vitanda vya jirani, alikuwa ameshalala nje mara mbili. Kwao ni mbele ya Ulemo. Baba yake amelazwa hospitali ya Kiomboi tangu mavuno, mguu umekataa kupona, na nyumbani yuko mama na watoto wadogo na ng'ombe kumi na moja. Mto umekauka. Maji yanachimbwa mchangani, shimo linazidi urefu wa mtu, na mtu mzima lazima aingie ndani achote, mwingine apokee juu amimine kwenye birika la udongo, ng'ombe wanywe. Mama peke yake hawezi kuwa chini na juu. Siku nyingine majirani hunywesha kwa zamu, na kila baada ya majuma mawili zamu ni ya Kitundu: anakwenda, anachimba, ananywesha, anarudi. Kuomba ruhusa aliomba. Aliambiwa ruhusa ni ya msiba, na baba yake bado yuko hai. Afanye subira.

Jumamosi iliyofuata ilikuwa zamu yake tena. Kura ilikuwa Jumatano.

"Ikipita usiende," nikamwambia.

"Nisipokwenda nani ataingia shimoni? Mama?"

"Basi ukienda ndiyo umeaga shule."

"Wewe si karani? Huwezi kuandika vibaya kidogo?"

Nilimwambia karani hayupo. Akaniangalia kama unavyomwangalia mtu uliyemwomba chumvi akakupa hadithi.

Tumaini letu likabaki kwa Upinzani. Kiongozi wao alikuwa Mpinga, jitu la darasa la nane, ana ndevu za kweli, alianza shule akiwa tayari amechunga nusu ya ng'ombe wa Iramba. Kwa maneno hana mwenzake. Angeweza kusimama akapinga kuwa jua linachomoza, na mngekwenda kuwasha taa. Alituahidi ataichana ile sheria vipande.

Tatizo moja tu. Yona, aliye mfupi na mwenye miaka kumi na mitano, ni mdogo wake mama yake Mpinga, tumbo moja. Yaani huyo mtoto ni mjomba wa hilo jitu. Na kwetu Iramba mjomba si ndugu wa kupita njia. Humbishii mbele za watu, humwambii amekosea, hata kama umemzidi umri na umewahi kumbeba mgongoni. Ukimbishia hadharani, mama yako atalia, na utapeleka kondoo kuomba radhi. Mihula miwili walikwepana vizuri, maana Yona alikuwa akiwaachia wenzake walete hoja. Safari hii alishikishwa yeye mwenyewe. Mwalimu Elia alikwenda kumweleza Bwana Mkuu jambo hilo mapema. Alirudi akiwa amekaza midomo.

"Amesema nini, Mwalimu?"

"Amesema ndani ya Baraza hakuna mjomba."

Jumatano ikafika. Nikapiga kengele, Spika akaingia, akajikuna, akaketi. Gavana nyuma. Kitundu, ambaye ni mjumbe wa kawaida, alikaa benchi la mwisho la Upinzani, mikono chini ya mapaja.

Yona alisoma hoja yake. Ilikuwa hotuba ya dakika kumi juu ya nidhamu, na maneno matatu ndani yake hakuyajua maana, lakini aliyatamka kwa nguvu. Akaketi. Spika akanguruma: "Kiongozi wa Upinzani!"

Mpinga akasimama. Akavuka urefu wa jembe la kwanza, akainama kidogo.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba," akajibu Yona, maana afanyeje.

Baraza lilivunjika mbavu. Spika aligonga meza mpaka katani ikamshukia usoni.

"Utaratibu!" Gavana akasema toka nyuma. "Hakuna shikamoo hapa. Pinga hoja!"

"Bwana Spika," akasema Mpinga, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyemeza jiwe, "nimemsikiliza mheshimiwa mjomba. Yote aliyosema ni kweli. Sina la kuongeza."

Niliandika hivyo hivyo. Mkono ulitaka kukataa. Kule nyuma Kitundu alitazama dirishani, upande wa njia ya kwao.

"Wewe ni Upinzani," Gavana akasema, amesimama sasa. "Kazi yako ni kupinga. Mpinge!"

"Siwezi, Bwana. Huyu ni ndugu wa mama yangu, tumbo moja."

"Ni mtoto mdogo!"

"Ndiyo, Bwana. Ni mjomba mdogo."

Spika akauliza kama kuna mwingine wa Upinzani anayetaka kusema. Hakuna. Kiongozi wao akishakubali, wao wangepinga kwa mdomo gani? Spika akashika kengele yangu ili aitishe kura, na Upande wa Serikali ulikuwa na watu wanne zaidi, kwa sababu Gavana ndiye aliyewapanga.

Hapo Mpinga, ambaye hakuwa ameketi, akavuka na jembe la pili. Hilo ni kosa kubwa katika Baraza. Akafika mbele ya dawati la Yona, akachutama chini, magoti yakafika masikioni, mikono miwili mbele kama mtu anayepokea.

"Mjomba, sikubishii. Nimekuja kuomba."

Kila Mnyiramba mle ndani alijua. Mjomba habishiwi, lakini mjomba naye ana mzigo wake: mtoto wa dada yake akimwomba kitu mbele za watu, hamnyimi. Anaweza kulalamika mwaka mzima baadaye, lakini kitu anatoa. Wajomba wengi huku hawapendi mikusanyiko kwa sababu hiyo.

Yona alishajua. Jasho lilimtoka puani. "Unaomba nini, mpwa wangu?"

"Naomba hiyo sheria."

"Hii?"

"Hiyo hiyo iliyoko mkononi. Nipe iwe yangu."

"Mpinga, omba kitu kingine. Nina shati."

"Shati halinitoshi, mjomba."

Yona alimtazama Gavana, akatazama karatasi, akatupa macho kwa wajumbe ishirini na sita watakaokwenda kusimulia likizo. Akaipeleka karatasi kwa mikono miwili. Mpinga akaipokea, akashukuru, akarudi kwake mwendo wa kinyumenyume, akaikunja, akaikalia.

"Nini hii?" Gavana akauliza. "Spika, nini hii?"

Ramadhani aliinuka taratibu. Siku zote nilidhani alichaguliwa kwa sauti tu. "Bwana, kwetu Unyaturuni pia mjomba akiombwa hatoi macho, anatoa kitu. Hoja ilikuwa ya Yona. Sasa ni ya Mpinga. Mheshimiwa Mpinga, unaileta hoja?"

"Siileti, Bwana Spika. Nimeshapewa, nimetosheka."

"Basi hakuna hoja mezani. Baraza limeahirishwa."

Tukapiga kelele kama mvua imenyesha. Lakini usifurahi bado, karani wangu. Gavana alikuja mbele, akamwambia Mpinga asimame, akachukua ile karatasi yenye joto, akaiweka juu ya meza yangu, akasaini. Hapo ndipo nilipopata jibu la swali langu zuri.

"Andika," akaniambia. "Baraza limepitisha."

Niliandika mpaka kengele ya chakula. Niliandika shikamoo, marahaba, shati, kila kitu. Mwisho nikaandika: "Baraza halikupiga kura. Gavana amesaini peke yake." Sikufanya ushujaa. Nilijaribu kuandika "limepitisha", nikasikia sikio linaniuma.

Asubuhi niliitwa ofisini. Mwalimu Elia alikuwa amesimama pembeni, mikono nyuma. Bwana Mkuu alikuwa na kitabu wazi mbele yake.

"Nilikuambia uandike nini?"

"Baraza limepitisha, Bwana."

"Na umeandika nini?"

"Lililotokea, Bwana."

"Toa ukurasa huu. Uandike upya."

"Bwana, kurasa zina namba. Ulizitia mwenyewe kwa wino mwekundu. Ulisema kumbukumbu hazichanwi, hata na Mfalme."

Nilisema kwa adabu zote, naapa. Lakini wapo watu ambao uso wao haukuumbwa kwa adabu, na mimi ni mmoja. Alidhani namcheka. Labda kidogo.

Akamgeukia Mwalimu Elia. "Mwalimu, wewe ulikuwa karani. Mwambie."

Mwalimu Elia alichukua kitabu, akavaa miwani, akasoma ukurasa mzima bila haraka, hata pale pa shati, na mdomo haukumcheza. Akakirudisha mezani.

"Kosa ni moja tu, Bwana. Neno 'mheshimiwa' amelisahau mara mbili."

Sote watatu tulijua jambo moja ambalo hakuna aliyelisema: Jumatatu mkaguzi wa elimu anakuja kutoka mjini Singida, na anakuja hasa kuliona hilo Baraza, ambalo Bwana Mkuu amemwandikia barua nyingi za kulisifu. Atakiomba kitabu. Atasoma kuwa wavulana wa Iramba waliikataa sheria kwa utaratibu wao, na Mzungu mmoja akaipitisha kwa kalamu yake. Bwana Mkuu angeweza kubaki na sheria, au angeweza kubaki na Baraza. Viwili pamoja visingekaa katika kitabu kimoja.

Alishika kalamu. Akakaa nayo muda, nikaona anamfikiria mkaguzi, au labda alimfikiria Kitundu, sijui, karani haandiki mawazo ya mtu. Kisha akaivuta ile karatasi ya sheria, akaikata saini yake kwa mstari mmoja, polepole, akaandika pembeni tarehe.

"Wewe hutakuwa karani tena," akasema.

"Ndiyo, Bwana."

"Utalima Jumatano."

"Ndiyo, Bwana."

Ndivyo nilivyostaafu. Hakukuwa na hotuba wala zawadi ya saa. Nje Mwalimu Elia alinishika sikio, lakini hakulivuta, akaliachia, akaenda zake kwenye mbolea.

Jumamosi Kitundu hakutoroka. Alipita mlango wa mbele, mchana kweupe, kamba ya ndoo begani, akakutana na Bwana Mkuu pale pale kwenye bendera. Sisi tulikuwa tumejipanga dirishani kama kuku.

"Unakwenda wapi?"

"Kunywesha ng'ombe, Bwana."

Bwana Mkuu aliangalia saa yake kwa muda mrefu kuliko saa inavyohitaji. "Kesho, kengele ya jioni."

"Ndiyo, Bwana."

Alirudi kesho yake kabla ya kengele, tope limemfika mapajani, vidole vimechubuka, akaketi kwenye kitanda chake bila kuvua kitu.

"Sheria inasemaje sasa?" akaniuliza.

"Hakuna sheria."

Alifikiri kidogo.

"Ng'ombe wamekunywa wote," akasema, akalala na tope lake.